Mwalimu, ekari 20 na karatasi tatu za dalali: kisa cha kutafuta shamba la zabibu Dodoma

Mwalimu alikuja ofisini na karatasi tatu zilizokunjwa mara nne. Kila moja ilikuwa na mchoro wa shamba uliochorwa kwa kalamu ya wino, mshale wa kaskazini uliopinda, na namba ya simu ya dalali pembeni. Alikuwa amestaafu, mafao yametoka, na yeye na wadogo zake wawili walikuwa wamekubaliana kuziweka fedha kwenye mizabibu.

"Nataka ekari 20," alisema, "ila sitaki kununua kwa macho. Nimeambiwa ninyi mna ramani za setelaiti."

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya Hombolo, kaskazini-mashariki ya jiji, jirani na bwawa. Ya pili ilikuwa upande wa Mpunguzi, barabara ya Iringa, ardhi nyekundu inayopanda taratibu kuelekea kwenye mawe. Ya tatu ilikuwa wilaya ya Chamwino, bonde tambarare lenye udongo mweusi ambalo dalali alilisifia kwamba "mbolea hutii". Shemeji yake Mwalimu aliipenda ya kwanza kwa sababu ya maji, yeye mwenyewe akawa anaitolea macho ya tatu kwa ule weusi wake. Mpunguzi hawakuwa na habari nayo.

Nasimulia kazi hiyo kama tulivyoifanya, pamoja na makosa yetu, kwa sababu watu wengi sasa wanauliza habari za kupima ardhi ya zabibu kwa GIS, yaani ramani za kompyuta zinazowekwa tabaka juu ya tabaka, na wengi wanadhani ukishaweka ramani juu ya ramani jibu linatoka lenyewe.

Kwanza tukumbushane Dodoma ni mahali gani kwa mzabibu. Jiji lipo kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, mwinuko wa mita 1,100 na ushee. Mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili kwa kawaida, na mwaka mzima hukusanya milimita 500 hadi 600 hivi. Baada ya hapo ni kiangazi na upepo. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuamka mara moja kwa mwaka, huku haulali. Anayeuamsha ni mkulima kwa mkasi wake wa kupogolea, na ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mavuno ya masika hukutana na mvua, ubwiri unga na ubwiri vinyoya hushambulia, na sukari ya tunda haipandi vizuri. Mavuno ya Agosti hukomaa hewa ikiwa kavu na usiku ukiwa wa baridi. Anayetaka zabibu za mvinyo anaitaka hasa Agosti, na Agosti haina tone la mvua. Shikeni hapo, kwa sababu kesi yote iliamuliwa hapo.

Ramani ya kwanza tuliifanya kwa haraka, na tulikosea kisomi kabisa. Kijana wetu alichukua vigezo kutoka kwenye tafiti za nchi za Mediterania: joto la msimu, mwelekeo wa mteremko, mwinuko, mvua, udongo, ukali wa mteremko. Akavipa uzani kwa ile njia ya Thomas Saaty ya kulinganisha vigezo viwiliviwili kwa alama 1 hadi 9, akahakikisha uwiano wa mkanganyiko, unaoonyesha kama alama hizo zinapingana, uko chini ya 0.1 kama kanuni inavyotaka, akajumlisha tabaka zote kwenye programu ya QGIS. Ikatoka ramani nzuri ya kijani, njano na nyekundu. Mwalimu akaitazama, akauliza, "Mbona hapa palipokolea kijani ndipo penye mawe?"

Kweli. Kijani kilikuwa kimekusanyika kwenye mabega ya vilima vya matale, yale mawe magumu ya graniti, upande unaotazama kaskazini, mahali ambapo hata mbuzi huchagua pa kukanyaga.

Tulipofungua tabaka mojamoja, tatizo likaonekana wazi. Tabaka la joto lilikuwa limepewa uzani mkubwa kuliko yote. Kwa mzabibu, joto ni jambo kubwa, hilo halina ubishi. Wamarekani Amerine na Winkler waliligawa katika makundi matano mwaka 1944 kwa kujumlisha joto la kila siku linalozidi nyuzi 10 za Selsiasi tangu Aprili hadi Oktoba. Jumlisha hivyo kwa Dodoma unapata karibu 2,500, yaani kundi la tano, lile la joto kali kuliko yote. Mpunguzi kundi la tano, Hombolo kundi la tano, Chamwino kundi la tano. Ramani nzima rangi moja. Na hiyo Aprili hadi Oktoba ni msimu wa California. Huku ukipogoa mwezi wa nne unavuna wa nane, ukipogoa wa kumi unavuna wa pili. Tulikuwa tumetumia kipimo cha watu wengine kwenye kalenda isiyo yetu, halafu tukakipa theluthi ya kura zote.

Mwelekeo wa mteremko nao ni hivyohivyo. Ujerumani mkulima wa zabibu hupigania mteremko unaotazama kusini kwa sababu jua lake liko chini na kila mwanga una thamani. Kijana wetu alijua tuko kusini ya ikweta, akageuza: kaskazini ndiyo bora. Amefikiri, simlaumu. Lakini hapa jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na hata Juni, linapokuwa mbali kuliko wakati wote, saa sita mchana bado liko juu ya nyuzi 60. Mteremko wa asilimia tatu utazame kaskazini au kusini, mzabibu hautajua. Wala hatuna jalidi, ile baridi inayogandisha umande, ya kuogopa mabondeni.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sasa nalirudia kwa kila anayekuja. Kigezo kinaweza kuwa muhimu sana kwa mmea na kisiwe na msaada wowote katika kuchagua. Joto linaamua kama zabibu itaota Dodoma, na jibu lilipatikana zamani, tangu wamisionari wa Kitaliano walipopanda mizabibu Bihawana. Swali la Mwalimu lilikuwa jingine: kati ya mashamba haya matatu, lipi? Kwa swali hilo unahitaji vitu vinavyotofautiana kati ya Mpunguzi na Chamwino. Tukauweka uzani wa Saaty kando kwa muda, tukauliza kila tabaka swali moja: wewe unatofautisha?

Mvua haikutofautisha. Tulitumia data ya mvua ya setelaiti iitwayo CHIRPS, ambayo ina kumbukumbu tangu 1981, lakini pikseli yake moja, yaani kile kijiraba kimoja cha picha chenye namba moja, ina upana wa kilomita tano na nusu hivi. Kijiji kizima kinaingia humo na kubaki nafasi. Udongo wa SoilGrids, ramani ya udongo ya dunia nzima, una pikseli ya mita 250, yaani hekta 6.25, kama ekari 15 na nusu. Shamba lote la Mwalimu lilikuwa pikseli moja na kipande! Ukimwonyesha mtu ramani hiyo kwenye kioo cha kompyuta, rangi zinavutia. Ukimwambia kwamba ekari zake 20 zina namba moja tu ya udongo, tena iliyokadiriwa kwa mashine kutoka mashimo yaliyochimbwa mbali, uso unabadilika. Mwinuko wa SRTM, ule uliopimwa kwa rada na chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000, una pikseli ya mita 30. Unafaa kuonyesha vilima na mabonde, lakini kwenye ardhi tambarare huleta vijiteremko vya uongo, na mbuyu mmoja mkubwa unaweza kugeuka kilima.

Kilichotusaidia kweli ni picha za setelaiti za Sentinel-2, mita 10 kwa mita 10. Ekari moja hapo ina pikseli 40. Tukachukua picha ya mwishoni mwa Julai, wakati mashamba ya mtama na alizeti yamebaki mabua na vumbi. Kila kilichokuwa kijani wakati huo kilikuwa na sababu: maji karibu, au mtu anamwagilia. Mashamba ya umwagiliaji ya Chinangali yalijitokeza kama vigae vya kijani vilivyopangwa. Upande wa Mpunguzi tuliona vipande vidogo, nusu ekari, ekari moja, vimetawanyika kwenye ardhi nyekundu. Ni mizabibu ya watu. Hawakuwa na GIS, walikuwa na miaka mingi ya kupanda, kufa na kupanda tena, na hiyo nayo ni ramani.

Kisha tukatafuta picha za rada za Sentinel-1 za Februari, maana masika mawingu huziba picha za kawaida. Maji yaliyotuama huonekana meusi kwenye rada. Shamba la Chamwino lilikuwa na doa jeusi lililolifunika zaidi ya nusu.

Kabla ya kwenda uwandani tulifanya makosa mengine mawili, na nayataja kwa sababu ni ya Dodoma hasa. La kwanza ni jina. Kijana aliandika "Makutupora" kwenye faharasa ya majina ya mahali ili kupata umbali hadi kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kinachoshughulikia zabibu, tulikotaka kununulia miche. Programu ikamletea Makutupora ya Manyoni, mkoani Singida, ile ambako kinaishia kipande cha reli ya SGR kutoka Morogoro. Makutupora ya zabibu na visima vya maji ya jiji iko kaskazini ya Dodoma kwenye barabara ya kwenda Kondoa. Umbali wa Mwalimu ukawa safari ya siku nzima, tukacheka.

La pili halikuchekesha. Makorongo tuliyatoa kwenye ramani za zamani za 1:50,000, zilizochorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuratibu za mahali. Kuratibu za shamba tulizipima kwa GPS, ambayo hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukisahau kubadilisha, vitu vya ramani ya zamani vinahama takriban mita 300 kwenda kaskazini. Shamba la Mpunguzi likaonekana limekatwa na korongo katikati, tukaliwekea alama nyekundu. Lilikaa hivyo wiki nzima. Tulipogundua, korongo likarudi kusini mahali pake na shamba likapona. Ongeza kwamba longitudo 36 inapita mashariki ya jiji, kwa hiyo katika UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa zoni za nyuzi sita sita, Mpunguzi iko zoni ya 36 na sehemu ya Chamwino iko zoni ya 37. Anayechanganya zoni hizo mbili atatafuta shamba lake asilione kabisa. Afadhali huyo, kwa sababu kosa lake linaonekana. Mita 300 zinafichika.

Tulienda uwandani kwa siku mbili, tukiwa na chepe, sururu, futi, mifuko ya nailoni ya kuchukulia udongo na kipima chumvi cha mkononi.

Chamwino hatukukaa. Mzee aliyetupokea, baada ya "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na kuulizana habari za mifugo, alituuliza tunataka kulima nini. Tulipomwambia zabibu alinyamaza kidogo, akasema, "Wanangu, hii ni mbuga. Mwezi wa pili ng'ombe anazama mpaka goti." Udongo ulikuwa na nyufa zinazomeza kidole. Ni ule mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mpunga utaupenda, mzizi wa mzabibu utakosa pumzi. Mwalimu aliokota bonge, akalivunja kwa shida, akalitupa. Weusi ule ulikuwa umemgharimu ndoto ya miezi mitatu.

Hombolo palikuwa pagumu zaidi kupaacha. Udongo mzuri, mteremko wa kiasi, maji yanaonekana kwa macho, na Hombolo ndiko kilikojengwa kiwanda cha mvinyo cha CETAWICO, kwa hiyo hata hoja ya soko ilikuwepo. Hoja hiyo si ndogo. Zabibu ikishakatwa haisubiri. Kila mwaka hukosi kusikia wakulima waliokosa mnunuzi wakikamua na kubaki na mchuzi wa zabibu usio na tangi. Kwenye ramani yetu ya pili Hombolo ndiyo ilikuwa ya kwanza. Lakini bwawa lile, lililojengwa 1957, lina tatizo linalojulikana na wataalamu wa maji: chumvi. Mzabibu huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo inapovuka desisimensi 1.5 kwa mita, kipimo cha chumvi kwa jinsi inavyopitisha umeme, na kila desisimensi moja inayozidi hapo hula kama asilimia 10 ya mavuno. Tulichovya kipima kwenye kisima kifupi ambacho muuzaji alisema ndicho kitakachotumika. Kikavuka kiwango hicho, na hayo yalikuwa maji tu. Ukimwagilia kwa matone kiangazi chote, maji yanaondoka na chumvi inabaki kuzunguka mzizi.

Tabaka letu lilikuwa limeandikwa "umbali hadi maji". Halikuandikwa maji gani. Shemeji alibishana nasi palepale, akasema ng'ombe wanayanywa. Tukamwambia ng'ombe ana figo.

Mpunguzi tulichimba mashimo matatu, la juu karibu na mawe, la kati, la chini. La juu chepe liligonga mwamba kabla ya kufika magotini. La kati lilishuka hadi kifuani kwa tifutifu wa kichanga mwekundu, mizizi ya migunga inaonekana mpaka chini, hakuna mabakabaka ya kijivu yanayoonyesha maji kutuama. La chini lilikuwa zuri pia lakini lilikuwa na tabaka gumu lililohitaji sururu. Kwa hiyo hata ndani ya shamba moja, ndani ya ile pikseli moja na kipande ya SoilGrids, kulikuwa na mashamba matatu. Udongo tuliopeleka maabara ulirudi na jibu tulilolitarajia kwa Dodoma: mboji kidogo, naitrojeni kidogo. Hilo samadi hulitibu. Kina cha udongo hakitibiki.

Likabaki swali la maji. Kwenye picha ya Julai tuliona mstari wa miti ya kijani ulionyooka kupita kiasi, ukikata shamba la jirani na kugusa kona ya shamba hili. Mito hupinda, kitu kilichonyooka hivyo kwenye nchi ya matale mara nyingi ni ufa wa mwamba, na kwenye nyufa ndiko maji ya chini hukaa. Jirani alikuwa na kisima kirefu juu ya mstari huohuo na bado alikuwa na karatasi za majaribio ya pampu: mita za ujazo 6 kwa saa. Chumvi ilikuwa chini.

Nikakaa na Mwalimu chini ya mti tukapiga hesabu kwenye daftari lake. Tuchukue mzabibu uliokua unahitaji milimita 3.5 za maji kwa siku wakati wa kiangazi. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari ni mita za mraba 4,047. Ekari moja basi ni lita 14,000 kwa siku. Ekari 20 ni lita 280,000.

"Na kisima?"

Kisima cha aina ile, ukikisukuma saa 10 kwa siku, ni lita 60,000.

Aligawanya mwenyewe, kwa ile njia ya kugawanya ya shule ya msingi, akaandika 4, akaweka nukta, akaandika 2. Akafunga daftari. Alikaa kimya muda mrefu, mpaka nikadhani amekasirika, halafu akasema, "Kwa hiyo mimi ni mtu wa ekari nne."

Ramani ya mwisho ilikuwa ya shamba moja. Tulikata ukanda wa kati, tukaondoa sehemu ya mwamba na sehemu ya tabaka gumu, tukaweka juu yake tabaka ambazo hazihusiani na mzabibu hata kidogo: mipaka ya viwanja vilivyopimwa, mpango kabambe wa jiji, na njia ya barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3 inayopita Nala, Veyula, Ihumwa na Matumbulu. Tangu serikali ihamie, ardhi inayozunguka Dodoma imekuwa ikibadilisha kazi yake haraka, na mzabibu ni mti wa miaka mingi. Ukiupanda kwenye kiwanja cha mtu utalipwa fidia na kuanza upya. Shamba lilikuwa salama kwa nyaraka hizo, ila tulimtuma Mwalimu kwa mwenyekiti na kwa ofisi ya ardhi akaulize mwenyewe. Ingekuwa ardhi ya kijiji, chini ya sheria ya 1999, ningemwambia asitoe hata shilingi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujakaa. Huko kwenye ofisi ndiko lilipojitokeza jambo ambalo setelaiti haikuweza kuliona: muuzaji alikuwa na dada ambaye hakushirikishwa. Ilichukua miezi miwili kumpata na kuelewana naye.

Walinunua ekari nane, nne za mizabibu na nne za mtama na alizeti. Wamepanda Makutupora Nyekundu, na safu chache za Chenin Blanc kwa sababu mdogo wake wa kike aliisikia ikisifiwa. Mchwa walikula nguzo kumi na moja mwaka wa kwanza. Ndani ya zile ekari nne kuna kipande, upana wa chumba cha darasa, ambako mizabibu imedumaa. Tulichimba tukakuta mawe yaliyozikwa, na hakuna tabaka letu lolote lililoliona hilo.

Kisima chao wamechimba kwenye ule mstari wa miti. Kinatoa kidogo kuliko cha jirani. Kipima chumvi nilimwachia Mwalimu, naye anapima kila mwisho wa mwezi na kuandika kwenye daftari la mahudhurio lililobaki tangu alipokuwa kazini, safu ya jina ameandika "kisima". Mpaka sasa namba zimetulia. Ninayoisubiri ni ya Oktoba, maji yatakapokuwa yameshuka.